Kupe wa Punda: Adui Mdogo Anayejificha Sikioni

Katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye teksi. Hubeba mchanga, mawe ya kujengea, mifuko ya simiti, kuni, nazi za mashambani na mizigo inayoshushwa gatini. Kule Malindi, Kilifi na viungani mwa Mombasa, punda huvuta mikokoteni ya mitungi ya maji kutoka mtaa hadi mtaa. Ziko nyumba ambazo karo ya watoto na chakula cha jioni hutegemea mgongo wa mnyama huyu mmoja. Akilala zizini wiki mbili kwa maradhi, jiko la nyumbani nalo huzimika.

Mpenzi msomaji, wiki hii tunamtazama adui wa punda ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina na kwa methali, lakini si kwa tabia: kupe. Tutaeleza alivyoumbwa, anavyoishi, maradhi anayoyaleta na namna ya kumdhibiti. Tutaeleza pia jambo moja ambalo kila nyumba yenye punda yapasa kulijua leo kabla ya kesho, nalo ni kwamba iko dawa ya kupe inayotumiwa kwa ng'ombe na mbuzi ambayo punda akipakwa huweza kufa.

Kupe ni kiumbe gani?

Watu wengi humhesabu kupe miongoni mwa wadudu. Ukimtazama vizuri utaona kwamba kupe mzima ana miguu minane, hana mbawa, na mwili wake haukugawanyika kichwa, kifua na tumbo kama wa nzi au siafu. Jamaa zake wa karibu ni nge, na buibui yule asukaye utando.

Tumtenge pia na papasi. Kupe tunayemzungumzia hapa ana gamba gumu mgongoni, huishi majanini, na akishampata mnyama hung'ang'ania siku nyingi. Papasi ngozi yake ni laini, hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi ufani. Papasi ndiye aletaye homa ya papasi kwa binadamu. Wote wawili hunyonya damu, ila kila mmoja hudhibitiwa kwa njia yake.

Kupe haruki wala hapai. Hupanda juu ya jani, akashika kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ile ya mbele hewani kama mtu anayeomba kupokewa. Katika miguu hiyo ya mbele mna vijishimo vidogo sana vya kunusia. Kwa vijishimo hivyo huhisi pumzi ya mnyama, joto la mwili wake na harufu yake. Punda akipita akaligusa jani, kupe hushika manyoya na safari yake huanza. Asipopita mnyama, kupe hungoja. Anaweza kungoja miezi mingi bila ya kula kitu.

Akishafika penye ngozi laini, hukata kwa vijikucha vya mdomo wake, akautia ndani mrija wenye meno yaliyoelekea nyuma mithili ya chembe ya mshale. Aina nyingi hutoa na aina ya gundi inayoganda kuuzunguka mdomo. Mate yake yana vitu vinavyozuia damu isigande na vinavyopunguza maumivu, ndiyo maana punda hamtambui mgeni wake mpaka amekwisha kushiba. Kupe jike akimaliza kunyonya huweza kuwa na uzito mara mia moja ya ule aliokuja nao.

Kupe mwenye miguu myekundu

Aina za kupe katika Afrika Mashariki ni nyingi, lakini mmoja ni mwenyeji hasa kwa farasi, punda na punda milia. Wataalamu humwita Rhipicephalus evertsi. Ni rahisi kumtambua: gamba lake ni la kahawia iliyokolea, lina vitundu vidogo vidogo, na miguu yake ni ya rangi ya chungwa inayokaribia wekundu. Mfugaji makini akishamwona mara moja hatamsahau.

Maisha yake yana hatua nne. Ya kwanza ni yai. Jike aliyeshiba hujiangusha chini, akatafuta mahali penye unyevu chini ya majani au jiwe, akataga maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja, kisha akafa. Mayai huanguliwa na kuwa lava, yaani kupe wachanga wadogo kama punje ya mchanga, wenye miguu sita tu. Hawa hupanda majanini na kumngoja mnyama.

Hapa ndipo penye siri ambayo wafugaji wengi hawaijui. Lava wa kupe huyu akimpata punda huelekea moja kwa moja ndani ya tundu la sikio. Humo hunyonya, hujivua ngozi na kuwa nimfu mwenye miguu minane, kisha hunyonya tena papo hapo bila ya kutoka. Kwa takriban siku kumi hadi kumi na tano, mnyama anaweza kuwa na kupe wengi ndani ya masikio ilhali mwili wake wa nje unaonekana safi. Nimfu akishiba huanguka chini, hujivua ngozi mara ya mwisho na kuwa kupe mzima, kisha hutafuta mnyama wa pili. Safari hii haendi sikioni. Huenda chini ya mkia, kuzunguka tundu la haja kubwa, na katikati ya mapaja.

Basi mwenye kumkagua punda wake mgongoni na shingoni tu amekagua mahali ambapo adui hayupo. Sehemu mbili za kutazamwa kwanza ni ndani ya masikio na chini ya mkia.

Wapo na kupe wengine. Aina moja, ambayo gamba la dume wake lina mistari myeupe na meusi kama punda milia, hupatikana katika maeneo makavu ya bara na hupenda kukaa masikioni. Nyingine ni kupe wakubwa wenye magamba ya rangi nyingi na midomo mirefu. Hawa huacha jeraha refu ambalo huoza, nzi wakatagia humo na funza wakaingia. Vidonda vya jinsi hii huonekana kwenye kinena, kiwele na baina ya kwato.

Madhara yake kwa punda

Dhara la kwanza ni damu. Kupe mmoja hunyonya kidogo, lakini kupe mia moja juu ya punda aliyekonda, anayebeba shogi zilizojaa mchanga tangu alfajiri, ni mzigo juu ya mzigo. Mnyama hupungua nguvu, manyoya yake hupoteza mng'aro, na mwana anayemnyonyesha hukosa maziwa ya kutosha.

Dhara la pili ni masikio. Kupe wakijaa humo, punda hutikisa kichwa, hujikuna ukutani na hukataa kufungwa hatamu. Watoto wanaomwendesha hudhani ana kiburi, wakamwongezea fimbo, kumbe anaumwa.

Dhara la tatu ndilo kubwa, nalo ni homa ya kupe ya farasi na punda, ambayo madaktari wa mifugo huiita piroplasmosisi. Huletwa na vimelea vya aina mbili, Theileria equi na Babesia caballi. Kupe mwenye miguu myekundu huweza kubeba vyote viwili. Vimelea hivi huingia mwilini pamoja na mate ya kupe, na hatimaye hukaa ndani ya chembechembe nyekundu za damu, wakazaana humo na kuzipasua. Dalili huanza kuonekana baina ya siku kumi na mwezi mmoja baada ya kuumwa na kupe: mnyama hupata homa, huinamisha kichwa, huacha kula, na ufizi wake hugeuka kuwa mweupe au wa manjano. Mkojo huweza kuwa mwekundu au wa rangi ya chai nzito. Miguu huweza kuvimba.

Punda ni mvumilivu kuliko farasi. Punda wengi wa kwetu huupata ugonjwa huu wakiwa wadogo, wakapona kwa nje, lakini vimelea hubaki ndani ya damu yao. Mnyama wa namna hii huonekana mzima mpaka siku afanyishwe kazi kupita kiasi, apungukiwe na chakula, au apatwe na maradhi mengine. Hapo homa huibuka upya. Jike mwenye mimba naye huweza kuharibu mimba au kuzaa mwana dhaifu aliyekwisha kuambukizwa tumboni. Kwa hivyo kumpumzisha punda na kumlisha vizuri ni sehemu ya tiba, wala si hisani ya ziada.

Elimu ya kwamba kupe hueneza maradhi si ya zamani sana. Mwaka 1893 wanasayansi wawili wa Marekani, Theobald Smith na F. L. Kilborne, walichapisha uchunguzi uliothibitisha kwamba homa iliyokuwa ikiua ng'ombe nchini mwao ilienezwa na kupe. Kabla ya hapo, wachungaji waliosema hivyo walidharauliwa. Miaka michache baadaye, ng'ombe waliosafirishwa kutoka mwambao huu wetu kwenda kusini mwa Afrika walifika na ugonjwa ulioangamiza makundi mazima, ukapewa jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Ndio tunaouita ndigana kali. Huo ni wa ng'ombe na haumpati punda. Tunautaja kwa sababu vita dhidi yake ndivyo vilivyoeneza majosho na dawa za kupe kila mahali, na katika dawa hizo imo ile tuliyoahidi kuieleza.

Dawa inayoua punda

Chukua chupa ya dawa ya kupe iliyomo nyumbani mwako au dukani kwa jirani, usome kibandiko chake. Ukiona neno Amitraz, usimpake, usimnyunyizie wala usimwogeshe punda wala farasi kwa dawa hiyo, hata ukiizimua kwa maji mengi.

Amitrazi ni dawa nzuri kwa ng'ombe na mbuzi ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Inauzwa sana, na ndiyo sababu mwenye punda huona hakuna ubaya kutumia masalio yake. Lakini mwili wa farasi na jamaa zake hauivumilii. Huingia kupitia ngozi na kuulegeza mwendo wa matumbo. Mnyama husinzia, huyumba, huacha kula na kunya. Katika siku moja au mbili chakula hukauka na kuziba utumbo mkubwa, tumbo likajaa, naye akawa hana raha, mara hulala, mara huinuka, akijitazama ubavuni. Wengi hufa, na mwenyewe hudhani ni chango au jicho la watu.

Ikiwa jambo hili limekwisha kutokea, mwoshe punda mara moja kwa maji mengi na sabuni ili kuondoa dawa iliyobaki ngozini, kisha mwite daktari wa mifugo bila ya kungoja asubuhi, na umwonyeshe chupa.

Dawa zinazofaa kwa punda kwa kawaida ni za jamii ya pairethroidi, na hata hizo zitumike kwa kipimo kilichoandikwa. Kuzidisha ni sumu. Kupunguza ili chupa idumu ni kosa la pili, kwa kuwa kupe wanaonusurika ndio wanaozaa, na vizazi vyao huwa sugu, mpaka dawa ikawa kama maji. Mafuta machafu ya injini, mafuta ya taa na majivu ya betri yasitumike kabisa. Huunguza ngozi, na punda hujiramba.

Vilevile homa ya kupe isitibiwe kwa sindano iliyonunuliwa dukani. Sindano ya maradhi haya ina kipimo chembamba kwa punda na huweza kumdhuru. Ni kazi ya daktari. Wakazi wa Lamu wana bahati ya kuwa na hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, ambalo hutibu bila malipo. Mahali pengine, ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ndiyo pa kuanzia.

Mkono wa nyumbani ni dawa ya kwanza

Punda mmoja au wawili hawahitaji josho. Wanahitaji mtu mwenye dakika kumi kila jioni, na kazi hii akina mama na vijana wanaiweza vizuri. Punda akirudi kazini na kuvuliwa shogi, msugue kwa brashi, kisha pitisha vidole katika masikio, chini ya taya, katika singa, kifuani, kwenye kinena, baina ya mapaja na chini ya mkia. Vaa glavu au funga vidole kwa mfuko safi wa nailoni. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja polepole, bila ya kumpindua. Usimchome kwa kijinga cha moto wala kumpaka mafuta akiwa bado ameng'ang'ania, maana huweza kutapika mate yake ndani ya jeraha. Usimpasue kwa kucha. Mtie katika kikopo chenye spiriti au mchome motoni, kisha safisha jeraha na unawe mikono kwa sabuni.

Kupe waliozama ndani kabisa ya tundu la sikio waachie daktari. Kijiti au kibanio kikiingizwa humo huweza kutoboa kiwambo cha sikio.

Punda azoeshwe kushikwa masikio taratibu, kwa sauti ya upole na kipande cha chakula mkononi. Mnyama anayetarajia kipigo hatakubali kukaguliwa.

Zizi, majani na mbuzi wa Idd

Wakati wowote, kupe walio juu ya mnyama ni wachache kuliko mayai, lava na nimfu walioko chini. Kwa hiyo usafi wa mahali ni nusu ya kazi. Fyeka majani marefu kuzunguka zizi. Ondoa samadi na majani ya kulalia kila siku, uzibe nyufa za kuta kwa udongo au chokaa, na uache jua liingie, kwa kuwa mayai ya kupe na lava hufa kwa ukavu. Ongeza ukaguzi baada ya mvua za masika na za vuli, majani yanapochipua. Kuku wanaochakura zizini nao ni wasaidizi, kwani hula kupe walioanguka na hata kuwadonoa juu ya mnyama aliyelala. Ila siku dawa inaponyunyizwa, wafungiwe kando.

Uko msimu mwingine ambao hatuutii maanani. Zikikaribia siku za Idd, mbuzi na kondoo huletwa mijini kutoka bara kwa wingi, wakafungwa ua mmoja na punda kwa siku kadhaa. Kupe mwenye miguu myekundu huwapanda pia mbuzi na kondoo, hivyo hushuka uani na kupata mwenyeji mpya. Mbuzi akifika, akaguliwe kabla ya kuingizwa, na afungwe mbali na punda. Akihitaji dawa, soma katika kibandiko ni siku ngapi zipite kabla ya nyama yake kuliwa. Siku zikiwa hazitoshi, mtoe kupe kwa mkono na uiache dawa.

Watoto, paka na bahari

Dawa ya kupe ni sumu kwa binadamu. Haitiwi katika chupa ya soda wala ya maji, hata kwa siku moja, kwa kuwa mtoto hajui tofauti. Iwekwe katika chupa yake, juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Anayenyunyiza asimame upande unakotoka upepo, afunike mdomo na pua, na avue nguo zile zifuliwe peke yake.

Paka, ambao miji yetu ya Pwani imejaa, hudhurika sana na pairethroidi. Paka anayejisugua kwa punda aliyetoka kupakwa dawa, kisha akajiramba, huweza kutetemeka na kufa. Punda akauke kwanza kabla ya paka kumkaribia. Samaki nao huangamizwa na dawa hizi kwa kiasi kidogo mno, kwa hivyo maji yaliyobaki yasimwagwe ufuoni, mtaroni wala karibu na kisima. Wala punda asipelekwe kuogeshwa baharini mara tu baada ya kupakwa.

Mnyama huyu hana ulimi wa kudai haki yake. Kila mwaka katika Maulidi ya Lamu, umati hukusanyika kushangilia mashindano ya punda, na anayeshinda hupewa sifa yeye na mwenyewe. Sifa hizo huanzia mahali pasipo na mtazamaji: katika zizi lililofagiwa, na katika mkono unaofungua sikio jioni kutazama kama mna kitu. Leo jioni, kabla ya shogi kutundikwa, anza na sikio la kulia.